Yaishe

Kikao kimeitwa saa nane, Chake Chake,
chumba cha juu ya duka la vitambaa,
feni moja, viti saba, watu tisa.
Shauri ni moja: neno "yaishe"
libaki katika lugha yetu, au litoke.

Lugha yenyewe si hii ninayokuandikia.
Ni ile tuliyoitunga kwa ajili ya kompyuta,
watoto wa skuli waiamrishe mashine
kwa "kama" na "la sivyo", kwa "rudia" na "toa",
bila ya kuazima ulimi wa watu.

"Yaishe" nililitia mimi.
Usiku, nina homa, nimechoka kuandika
chini ya kila mstari
likishindikana fanya hivi, likishindikana fanya vile.
Nikasema: mtu akiliweka mwisho wa mstari,
kosa likitokea, limezwe,
programu ishike njia yake.
Walinipigia makofi.
Shaame alininunulia juisi ya ukwaju.

Leo Shaame ndiye wa kwanza kusimama.
"Litoke," anasema, na hanitazami.
Anafungua daftari la kituo cha Mtambwe,
msimu wa karafuu uliopita:
waya ulilegea, mizani ikanyamaza,
na pahala pa uzito mashine ikaandika sifuri.
Sifuri haipigi kelele.
Ilipita kwenye jumla, ikapita kwenye malipo,
ikamfikia Bi Raya Khatib na magunia yake mawili,
karafuu alizozianika siku sita
akikunja na kukunjua majamvi kwa kila wingu,
akaambiwa: hapa huna kitu, bibi.

Mwalimu Nasra anagonga meza.
"Mtoto wa darasa la tano
akiandika mistari mitatu ya kazi
na kumi na miwili ya khofu,
ataifunga hiyo kompyuta akacheze nage.
Na si kila kosa ni msiba.
Picha ikikataa kufunguka, ikatae. Nani kafa?"

Nataka kumshangilia.
Kwetu, Mama na mdogo wake
walinuniana miaka minne kwa ajili ya sufuria.
Siku ya maziko ya babu wakashikana mikono mlangoni,
yaishe, yaishe,
na sufuria haikutajwa tena.
Nani angeweza kuishi
katika nyumba isiyokuwa na neno hili?

Lakini juzi nilikwenda Mtambwe.
Nilimkuta Bi Raya anachambua, makonyo huku, karafuu huku.
Nikamweleza waya, nikamweleza sifuri.
Hakuacha kuchambua.
"Mashine ilijua kuwa mizani imenyamaza?"
Ilijua.
"Ikasemaje?"
Haikusema.
"Nani aliyeiambia isiseme?"
Hapo mikono yake ikasimama.
Mimi, nikasema. Mimi, Bi Raya.

Akanitazama kitambo.
"Basi yaishe, mwanangu.
Lakini pesa zangu nazitaka."

Njia nzima ya kurudi nililibeba neno lake.
Lilikuwa lile lile langu, herufi sita.
Ila lake lilikuja baada ya kuuliza mara tatu.
Langu huja kabla ya swali,
humziba mdomo
hata yule ambaye hajajua kuwa ana la kusema.

Nasra anapendekeza libaki kwa wanafunzi tu.
Shaame anauliza: na wanafunzi watakua lini?
Mtu anacheka. Feni inazunguka.
Mikono inainuliwa: litoke, wanne. Libaki, wanne.
Wote wananigeukia.

Katika programu zangu limo mara arubaini na moja.
Nimehesabu. Jana usiku nilifuta moja,
la mizani, nikaandika pahala pake:
ikinyamaza, simama, umwite mtu.
Ilinichukua saa nzima na mistari tisa.

Zimebaki arubaini.
Mkono wangu bado uko juu ya meza.